Meza ya Gundi

Shemeji yangu aliliiba jiwe la kipofu. Nalisema mapema ili mtu asije akamwonea huruma huko mbele.

Kipofu huyo alikuwa baba yangu. Kabla macho hayajamfa alikuwa mchimbaji, tena wa chini kabisa, kwenye mgodi ambao siku hizi umejaa maji na hakuna anayeshuka. Wenzake walikuwa wanatafuta cha kuvunja na kuuza. Yeye akikuta fuwele nzuri imesimama kwenye mwamba wake, alivua shati akaizungushia, akapanda nayo kifua wazi. Ndivyo alivyokusanya. Nyumbani kwetu kulikuwa na kabati la kioo pale ambapo watu wengine huweka vyombo vya wageni, na mama alikuwa halali bila kulalamika kwamba ameolewa na mtu mwenye sahani za mawe.

Jiwe lake kubwa aliliita Mkono. Lilikuwa pande la mwamba mweupe kama sukari, na juu yake zimesimama fuwele tano za kito cha tomalini, ndefu kama vidole vya mtu mzima, kijani tangu chini, halafu nchani zinageuka waridi kama kucha zilizopakwa rangi. Ya katikati ilikuwa imemeguka kidogo. Baba alisema aliimegua mwenyewe kwa nyundo siku anaitoa, na akikumbuka anasikia maumivu kwenye kidole chake. Wageni waliokuja kununua walirudi mikono mitupu. Walimtajia bei, yeye akawakaribisha chai.

Alipopofuka, Mkono ukawa redio yake na gazeti lake. Alikaa sebuleni ameupakata, anaupapasa kidole kimoja baada ya kingine, mdomo unamcheza. Ukimuuliza anafanya nini, anakujibu, "Natazama."

Mimi wakati huo nilikuwa mji mwingine natengeneza rejeta za malori. Siku moja akanipigia simu.

"Mwanangu, wamenibadilishia Mkono."

"Nani kabadilisha, baba?"

"Sioni, nitamjuaje? Lakini huu si wenyewe. Mkono wangu una mistari, ukipitisha ukucha unasikia kama kitana. Huu umesuguliwa, laini kama pipi iliyokwisha kunyonywa. Halafu unanuka."

"Unanuka nini?"

"Duka la viatu."

Gundi. Nilimwamini hapo hapo. Mtu ambaye ameshika kitu kila siku maisha yake yote hakosei. Nikamwambia namaliza kazi ya tajiri mmoja, naja. Niliposafiri, nilisafiri kwenda kuzika.

Mama na dada walinisimulia siku zake za mwisho kwa huruma, kama watu wanaomsimulia mtoto mtundu. Kwamba alikuwa anamkamata kila anayeingia, hata muuza mkaa, anamwambia ameibiwa. Kwamba alimtupia mama jiwe lile miguuni huku akilia. Kwamba mama alichoka, akalichukua, akalifungia kabatini pamoja na mengine yote, akaficha ufunguo.

"Uzee, mdogo wangu," dada akaniambia. "Akili ilitangulia kuondoka."

Maneno hayo hayakuwa ya dada. Yalikuwa ya mumewe, muuza makochi, mtu ambaye mtaa mzima unamwita Kiyoyozi kwa sababu hajawahi kuonekana akipandisha sauti wala kutokwa jasho. Na yeye ni mkusanyaji. Kila Jumapili alikuwa anakuja kumtembelea baba mkwe wake, wanaongea mawe mpaka chai inapoa. Ndiye aliyemwambia mama, taratibu, kwa ile sauti yake ya hospitali, kwamba mzee hajui tena anachoshika.

Nilifungua kabati. Nililitazama lile jiwe dakika moja tu.

"Huu si Mkono," nikasema.

Kiyoyozi akaniwekea kiganja begani. "Shemeji, una uchungu, naelewa. Lakini labda mzee alidanganywa tangu zamani, akaona aibu kusema. Hata mimi nimelitazama. Ni fuwele za kubandika. Huenda lilikuwa la gundi toka mwanzo."

Basi hapo baba akawa ameuawa mara mbili. Kwanza mwendawazimu, sasa mjinga aliyelala na jiwe bandia maisha yake yote na kuwanyima watu kwa kiburi. Mama akatikisa kichwa. "Afadhali hakujua," akasema.

Nilibeba mawe ya baba yote, na lile la gundi nikalibeba pia, nikahamia mji huo wa nyumbani nikafungua karakana yangu. Nikajiunga na chama cha wakusanyaji ambacho Kiyoyozi alikuwa mwanachama wake. Nilikaa naye meza moja, nikacheka vichekesho vyake. Mwenye kuiba jiwe kama lile hawezi kulificha milele. Mwizi wa ng'ombe anachinja, mwizi wa gari anabadilisha namba, lakini mkusanyaji lazima aonyeshe. Asipoonyesha ni kama hana. Kwa hiyo nilingoja.

Mwaka huu akaonyesha.

Chama chetu kina siku ya wazi, Jumapili, kwenye ukumbi wa kukodi. Meza zinapangwa, taa zinawekwa, familia zinakuja. Jumamosi tulikuwa tunapanga. Kiyoyozi akaja na sanduku limejazwa sponji, akalifungua kama mtu anayemtoa mtoto bafuni. Ndani yake vidole vitano vya kijani vyenye kucha za waridi.

Kitako kilikuwa kimekatwa kwa mashine, kimebaki kipande chembamba. Chini hapo ndipo baba alipokuwa amepaka doa jeupe na kuandika namba yake kwa wino, kama wakusanyaji wote wanavyofanya. Doa lilikwenda na kitako. Pembeni kulikuwa na kadi ya kahawia, kingo zimelika, inasema jiwe linaitwa Mishumaa, limetoka mgodi wa nchi ya mbali uliofungwa zamani za mababu. Kadi yenyewe ilikuwa na rangi ya chai. Nina hakika aliichovya kwenye kikombe.

Kidole cha katikati kilikuwa kimemeguka kidogo nchani.

"Unaonaje, shemeji?" akaniuliza.

Pale mezani palikuwa na spana ya kukazia stendi za taa, na mkono wangu ulishaifikia. Nikaiacha. Nikimpasua kichwa atakuwa yeye ndiye aliyeonewa, na baba atabaki mwendawazimu. Nikisema ameiba, atasema nina uchungu. Neno langu na neno lake, na neno lake lina tai.

"Zuri," nikasema. "Zuri mno. Kesho nitamleta mama alione."

"Mlete, mlete!" Akafurahi kweli. Alijua mama kwa mawe hatofautishi kokoto na chumvi.

Asubuhi nikampakia mama kwenye pikapu.

"Leo usije ukaanza habari za mawe ya baba yako mbele za watu," akaniambia kabla hata sijawasha gari.

"Nani, mimi?"

"Wewe. Nakujua. Una kinyongo kama ngamia. Dada yako ametulia kwenye ndoa yake, mwache."

"Mama, nakupeleka kutazama maua ya ardhini na kunywa soda. Basi."

Chini ya kiti chake nilikuwa nimeweka lile jiwe la gundi, nimelifunga kwenye taulo.

Ukumbini watu walikuwa wamejaa mbele ya Mishumaa. Mwenyekiti wetu ni daktari wa meno aliyestaafu, mzee mpole anayesafishia fuwele zake vile vile vikulabu alivyokuwa anakwangulia watu magego. Alikuwa ameinama, miwani puani, anasema "ah, ah" kama vile jiwe limefungua mdomo. Dada amesimama pembeni ya mumewe, kavaa vizuri, anapokea pongezi. Nilimkalisha mama kiti cha mbele, nikaenda garini, nikarudi na taulo.

Chama chetu kina meza ndogo karibu na mlango, tunaiita meza ya gundi. Jiwe likithibitika ni la kuungaunga, linapelekwa pale, linawekewa jina la aliyelileta, na wageni wanafundishwa jinsi wajinga wanavyoliwa. Kwa watu kama sisi hakuna adhabu nyingine inayofika hapo. Nimeona mtu mzima akihama chama kwa sababu ya meza ile. Wengine wakikuta mke yuko na mwanamume mwingine huomba maelezo kwanza, lakini ukimwambia jiwe lake ni la gundi, anakukunja shati.

Nikafungua taulo, nikaliweka jiwe langu kando ya Mishumaa.

Ukumbi ukaguna. Vidole vitano na vidole vitano. Kijani, waridi. Hata ule mmeguko wa katikati ulikuwapo kwenye yote mawili.

"Mwenyekiti," nikasema kwa sauti ya kufika nyuma, "hili la kwangu ni la gundi. Shemeji mwenyewe ndiye aliyenithibitishia, na namshukuru. Sasa nimeliona hili lake nikashtuka. Fundi ni mmoja. Shemeji, pole. Wamekupiga na wewe."

Kiyoyozi akatabasamu. "Usilinganishe, shemeji. Lako ni takataka."

"Yote takataka. Mapacha."

"Leteni tochi!" mtu akapaza sauti.

Tunaye mama mmoja, muuza nguo za mitumba, tunamwita Mama Tochi kwa sababu habanduki na tochi yake ya mwanga wa zambarau. Ukiimulika gundi kwa tochi ile, gundi inang'aa nyeupe kama meno gizani. Akazimisha taa za meza, tukajikusanya tukaweka kivuli. Akamulika la kwangu kwanza. Chini ya vidole vyote ikawaka pete nyeupe.

"Hili limeoga gundi," akasema. Watu wakacheka.

Akahamia kwa Mishumaa. Kidole cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Kiyoyozi akaanza kurekebisha tai yake. Cha tatu, kimya. Cha nne ikawaka pete nyembamba, safi, kuzunguka shina lote.

Nakiri nilikuwa sijui kama kuna gundi. Nilitegemea kelele tu.

"Hee!" akasema Mama Tochi. "Bwana mkubwa, hiki nini?"

"Kimoja tu," Kiyoyozi akasema haraka. "Kilichomoka wakati wa kukata kitako, kikarudishwa. Kawaida. Matengenezo."

Mama Tochi akawasha taa akamtazama. "Kukata kitako? Nani alikata?"

"Mimi... fundi wangu."

"Jiwe la kale, lina kadi ya mababu, wewe unalikata kitako? Kitako ndipo mwenyewe anapoandika namba! Mimi nina jiwe lina namba tatu chini, za watu watatu waliokwisha kufa, siwezi hata kulifuta vumbi upande ule. Ulikuwa unakata nini, mwenzangu?"

Kiyoyozi akashika tena tai yake.

"Alikuwa anakata lebo ya dukani," nikasema. "Imeandikwa 'pamba nyumba yako'."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee mmoja nyuma akadakia, "Ukilichoka niuzie mimi, nina tangi la samaki!" Mwingine akasema samaki wenyewe watakataa. Dada akacheka kidogo pamoja na watu, kwa aibu, akiona mambo yatapita. Mumewe akamgeukia kwa jicho ambalo sijawahi kuliona usoni mwake.

Mwenyekiti akavua miwani. "Ndugu yangu," akamwambia kwa upole wake wa kung'oa jino, "sote tumewahi kuuziwa. Si aibu. Lakini kanuni ni kanuni. Tulipeleke mezani kule, tuendelee na siku."

"Mimi nitalibeba," nikasema. Nikalinyanyua kwa mikono miwili. Nilikuwa sijalishika tangu nikiwa kijana. Nilipitisha ukucha kwenye kidole cha kwanza, na kilikuwa kitana kweli. Nilikaza uso nikaanza kutembea kuelekea mlangoni, polepole, nikiimba kama mnadishaji: "La gundi hilo! Pisheni! Mzee wa makochi kauziwa gundi!"

"Weka chini!" Kiyoyozi akapiga kelele. Sauti ilimkatika katikati. Shingo ilikuwa imelowa. "Weka chini, mpumbavu wewe! Hilo si la gundi!"

"La gundi."

"La kweli! Hakuna kama hilo nchi nzima!"

"Tochi imesema."

"Tochi haijui lolote! Mzee alilitoa kwa mikono yake kwenye mwamba! Ninyi hamjui mnachokicheka, huo ni Mkono, Mkono wenyewe, la gundi ni hilo lako nililomtengenezea..."

Neno lilikuwa limeshatoka, na ukumbi mzima ulikuwa umelidaka.

Hivyo ndivyo tulivyo. Angeweza kukubali meza ya gundi, akaenda zake na jiwe lake, na mimi ningebaki sina la kusema. Kuwa mwizi alikuwa amekubali siku nyingi. Kuonekana mjinga aliyeuziwa jiwe bandia, hapo ndipo aliposhindwa.

Nikageuka, nikarudi mpaka mbele ya kiti cha mama.

"Rudia," nikamwambia. "Mama hasikii vizuri."

"Shemeji, tuongee nje."

"Nje kuna nini? Rudia hapa."

Akamtazama mkewe. Dada alikuwa amejishika mdomo. Kiyoyozi akasema kwa sauti ndogo kwamba alipiga picha za Mkono, akampa fundi amtengenezee mfano, na siku moja ya Jumapili, baba akiwa amekwenda msalani, akabadilisha.

"Na baba alipolalamika?"

"Nilisema... akili."

"Ilikuwa akili?"

"Hapana. Mzee alikuwa sahihi."

"Si kwangu. Mwambie mama."

"Mama," akasema, "mzee alikuwa sahihi."

Mama hakulia wala hakumtukana. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Mwenyekiti akaniuliza kama nataka polisi. Nikamwambia polisi watamlaza siku chache, atatoka, watu watasahau. Nataka kadi.

Lazima nieleze hapa. Kwetu sisi, kila mwenye jiwe anaandika kadi yake, na kadi ya mwenye jiwe wa kwanza haitupwi. Jiwe likiuzwa linakwenda na kadi zote. Wajukuu wa wajukuu watalikuta nazo. Makaburi yanasahaulika, lakini kadi ya jiwe zuri inatunzwa kuliko cheti cha ndoa.

Nikaichana ile kadi ya chai. Nikaomba kadi mpya na kalamu ya wino, nikamwekea Kiyoyozi mbele yake.

"Andika. Mkono. Mgodi wake wa kweli. Ulitolewa na baba mkwe wangu kwa mikono yake. Mimi nilimwibia akiwa kipofu, nikasema ni mwendawazimu, akafa hivyo. Halafu jina lako lote, mpaka la babu."

"Mdogo wangu," dada akanishika mkono, "wanangu watakuja kulisoma."

"Watakuja."

"Watoto wana kosa gani?"

"Baba alikuwa na kosa gani?"

"Jiwe umelipata. Jina la baba limesafishika, watu wote wamesikia. Unataka nini tena?"

"Aandike."

Kiyoyozi akaandika. Wino ulimwagika, ikabidi nimbadilishie kadi, maana sikutaka hata herufi moja isisomeke. Alipomaliza nikaisoma kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Mzee wa tangi la samaki alikuwa amevua kofia.

Nikanyoosha mkono kuichukua, mkono wa mama ukawahi. Nilikuwa sijamwona akiinuka.

"Haijakamilika," akasema.

"Nini, mama?"

"Huyu aliiba. Lakini aliyelifunga kabati ni mimi. Aliniomba ashike hata jiwe jingine, lolote, mimi nikaficha ufunguo kwenye sidiria nikamwambia anyamaze. Hilo halimo."

"Mama, wewe ulidanganywa."

"Wewe hukudanganywa. Ulisikia kwa simu tu ukamwamini. Mimi nililala naye kitanda kimoja maisha yote." Akaniangalia. "Kama kadi ni ya kweli, iwe ya kweli yote. Kama mimi siandikwi, basi na yeye mfute."

Dada akanitazama kwa matumaini. Watu wote walikuwa wananitazama. Kiyoyozi pia, amelowa kama aliyetoka kuvuka mto. Ilikuwa rahisi. Ningeichana na kadi ile mpya, nikalibeba jiwe, tukaenda nyumbani tukanywa chai, na mama angekuwa ameokoka yeye na mkwewe kwa pamoja.

Nilimfikiria baba sebuleni, mikono juu ya mapaja, haina kitu.

Nikampa mama kalamu.

Aliandika polepole, herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, akijaza ile nafasi iliyobaki chini: Mimi mke wake sikumwamini, nikamnyang'anya. Akaweka na jina lake. Nikaipuliza kadi mpaka wino ukakauka, nikaiweka chini ya jiwe, nikaanza kulizungushia taulo.

Dada akamvuta mumewe wakatoka bila kuaga. Mama alibaki amesimama mezani na mkoba wake, akinisubiri nimwambie twende. Nilimsikia anavyohema. Nikaendelea kufunga taulo, kona moja, kona nyingine, na nilipomaliza nikaifungua nikaanza kuifunga upya.